Jumba Aliloliacha Babu Yake Nevzat

Katika mji wetu wa Ayvalık hutapata mtu ambaye babu yake aliacha kibanda. Wote waliacha majumba. Serikali mbili, ya Waturuki na ya Wagiriki, zilipokubaliana kubadilishana watu, Waislamu wa visiwani waje huku na Wagiriki wa huku wavuke kwenda kule, inaelekea melini walipanda matajiri watupu. Wachunga mbuzi, wapagazi na wapara samaki sijui walibaki wapi. Miaka mia imepita na majumba yenyewe bado yanakua. Mimi nina mkahawa karibu na soko la samaki, na nimeyaona yakiongezwa ghorofa hapo hapo mezani, juu ya glasi ya chai.

Lililokua kuliko yote lilikuwa la Nevzat. Huyu ni fundi lipu, mtu mfupi wa miaka sitini na ushei. Kazi anaijua, hilo simnyimi. Nusu ya kuta za mji huu amezipiga lipu yeye, na hazina ufa. Ila mdomo wake ndio haujapata fundi wa kuuziba. Jumba la babu yake Salih lilikuwa kisiwani Midilli, nchi ya Wagiriki, kisiwa ambacho mbingu ikiwa safi tunakiona tukiwa tumesimama sokoni. Nilipofungua mkahawa, jumba hilo lilikuwa na ghorofa mbili. Nevzat alipooa likapata roshani. Mkewe alipofariki, Mungu amrehemu, likaota bustani na chemchemi. Mteja akimwomba apunguze bei, alikuwa anaweka mwiko chini na kumuuliza, "Mjukuu wa Salih Bey unamfanya kibarua?" Bey kwetu ni bwana mwenye mali. Na hapo alikuwa amesimama kwenye ndoo ya saruji, kibarua mtupu.

Tulimvumilia, maana debe tupu haliachi kuvuma na sisi tulishazoea mvumo wake. Lakini alikuwa na binti mmoja tu, Nilgün, muuza dawa katika duka la kona. Nilgün alipendana na Onur, fundi wa injini za boti, na Onur ni mtoto wa Vehbi, rafiki yetu anayekaa meza moja na sisi. Ukoo wa Vehbi ulitoka Krete, ukaja na Kigiriki mdomoni na, kwa maneno ya Nevzat, harufu ya mbuzi kwenye nguo. Vehbi ni mpole, ana adabu mpaka inachosha. Alikwenda mara mbili na mkewe kuomba mkono wa binti, na maua na boksi la chokoleti kama desturi ilivyo. Mara zote mbili Nevzat aliipokea chokoleti akakataa posa.

"Binti wa jumba haendi kuosha masufuria ya wachunga mbuzi," alituambia baadaye, na Vehbi amekaa pale pale, anakoroga chai yake.

Aliyechoka wa kwanza ni Hayri, dereva wa lori mstaafu, wa nne wetu katika mchezo wa vigae tunaouita okey. Akamgeukia Nevzat akamwambia, "Fundi, hilo jumba umewahi kuliona?"

"Aliliona marehemu baba."

"Basi twende tukalione na sisi. Siku mbili tu. Viza siku hizi unapewa pale pale bandarini. Tukale dagaa, tupige picha, turudi."

Nevzat alijua akisema hapana meza nzima itacheka. Akajivuta shati. "Twendeni. Na kama si jumba la babu yangu, Nilgün ni wenu, nitamtoa kwa mkono wangu. Ila likiwa lake, Vehbi, habari ya posa hufungui mdomo tena mpaka ufe. Hawa mashahidi."

"Sawa, Fundi," akasema Vehbi. Huyo hata kuchinjwa angesema sawa, Fundi.

Jumamosi tukavuka. Sijui kama kuna watu wanaotalii kijinga kuliko sisi. Hayri alibeba jibini na zeituni kwenda kisiwa ambacho kazi yake ni jibini na zeituni. Mchana tukala dagaa ufukweni, naye akafumba macho. "Hawa ndio dagaa. Sio wale wa kwetu." Bahari ni moja. Dagaa yule labda asubuhi alikuwa amepita chini ya mkahawa wangu. Jioni tulikaa kwenye baraza la hoteli tukaimwaga okey yetu mezani, tukacheza mpaka tukalala, kama vile hatukuondoka nyumbani, ila chai ilikuwa mbaya zaidi. Nevzat muda wote alikuwa na tai shingoni na kofia, utadhani mwenye nyumba aliyekuja kudai kodi.

Kabla sijafika kijijini niseme jambo moja. Nyanya yangu mzaa mama alikuwa wa Krete pia, na alinilea kwa Kigiriki. Nakielewa chote. Kukisema ndio siwezi bila kuchekwa, kwa hiyo nimezoea kunyamaza, na wenzangu walikuwa wamesahau kwamba nina masikio. Mkalimani wetu alikuwa Vehbi.

Jumapili tukakodi gari tukapanda kijijini kwa Salih, kwa maelezo aliyoyaacha marehemu baba yake Nevzat. Na jumba, kwa hasira yangu, lilikuwepo. La mawe, ghorofa tatu, roshani ya mbao iliyooza upande mmoja, na chemchemi kavu mbele. Nilimwonea huruma Onur pale pale langoni. Nevzat alivua kofia, akatutazama mmoja mmoja. "Mnaona?" akasema. Hayri akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

Akatufungulia bibi wa miaka themanini hivi, Evanthia, peke yake katika vyumba vyote vile. Aliposikia tumetoka Ayvalık alitukalisha, akaleta kahawa na sahani ya ndimu zilizopikwa kwa sukari, na hakungoja tuulize. Kwao ni Ayvalık, akasema. Babu yake aliacha jumba kule. Kubwa. Nyuma ya kanisa ambalo sasa ni Msikiti wa Saa, mlango wa bluu, kisima uani, mtini juu ya kisima.

Ahaa, nikajisemea, ugonjwa wenyewe huvuka bahari bila viza. Maana hiyo ni nyumba yangu. Nimezaliwa humo. Ina vyumba viwili na shimo la kuwekea mafuta.

Vehbi alipomtafsiria, Nevzat akaangua kicheko. "Jumba? Mwambie ni kwa Fikri huyu hapa. Mwambie vyumba viwili, ukisimama mmoja mwingine akae. Choo mpaka juzi kilikuwa nje. Ukuta wa nyuma ulikuwa umeota ukungu, nimeupiga lipu mwenyewe mwaka jana, na mwenye nyumba akanizungusha malipo. Mwambie hivyo hivyo. Watu hawana haya, kibanda wanakiita jumba."

Yalikuwa maneno mengi. Vehbi akamgeukia bibi akasema kwa ufupi, "Anasema nyumba yenu bado ipo, nzuri sana, na wanaokaa humo wanaitunza."

Bibi Evanthia akaweka mkono kifuani, macho yakamlowa. Akainuka akamwongezea Nevzat ndimu mbili. Nevzat akaitazama sahani, kisha akamtazama Vehbi kwa muda. Nilidhani anataka ya tatu.

"Na wewe ni wa nani?" bibi akamuuliza.

"Ni mjukuu wa Salih," Vehbi akajibu badala yake. "Salih wa nyumba hii."

"Nyumba hii ilikuwa ya Halim Bey." Akafikiri. "Salih... Salih Kiguru?"

Akamshika Nevzat mkono. Hakutupeleka juu, kwenye roshani. Alitupitisha uani mpaka chumba kifupi cha chini, ambacho Hayri aligonga kichwa kukiingia. Kulikuwa na hori la mawe ukutani na pete ya chuma ya kufungia wanyama. Akaigusa pete, akaanza kusimulia, mkono wa Nevzat hajauachia.

Alisema Salih Kiguru alikuwa mtunza punda wa Halim Bey, na alilala humu humu na punda wake. Nyanya yake yeye Evanthia alipokimbia Ayvalık aliteremka kisiwani na mtoto mchanga, mume hajulikani alipo, na wakimbizi wakagawiwa nyumba za Waislamu, ambao walikuwa hawajaondoka bado. Halim Bey alifunga milango ya juu. Salih ndiye aliyemwita mwanamke yule, akamlaza hapa katikati ya punda, maana palikuwa na joto, akamfunika yeye na mtoto kwa blanketi lake, na hakuwa na jingine. Yeye alilala nje, kwenye shina la mzeituni, majira yote ya baridi. Zamu yake ya kuhamishwa ilipofika alikataa kulichukua blanketi lile. Mtoto yule ndiye mama yangu, bibi akasema. Kisha akainama akaibusu mikono ya Nevzat, ile yenye nyufa za saruji.

Basi. Vehbi alichotakiwa kufanya ni kufungua mdomo. Hori lile pale, pete ile pale, na mchumba wa mwanawe anangoja Ayvalık. Akamtazama Nevzat na tai yake, amesimama kwenye banda la punda, na adabu ikampanda kooni.

"Anasema," akaanza, "babu yako Salih Bey ndiye aliyekuwa mwenye nyumba. Hapa palikuwa ghala lake. Kijiji kizima bado kinamkumbuka."

Nimewaona watu wakimvika mwenzao kilemba cha ukoka, lakini hufanya hivyo kwa faida yao. Huyu alikuwa anamvika mtu kilemba kwa bei ya harusi ya mwanawe. Nilitaka kumpiga teke. Sikusema kitu kwa sababu bibi alikuwa bado analia, na ugomvi nyumbani kwa mtu mzima ni aibu. Hayri, asiyejua neno la Kigiriki, akashusha pumzi akasema, "Basi yamekwisha." Nevzat akasema, "Sawa," akavaa kofia. Nilingoja aanze kujigamba. Hakujigamba langoni, wala garini, wala kwenye foleni ya pasipoti.

Tulipokaa kwenye meli ya kurudi, Vehbi akaona ndio wakati wa kuvuna wema wake. "Fundi, umeliona kwa macho yako. Moyo umetulia. Sasa hawa watoto..."

"Tulikubaliana nini?"

"Najua, lakini..."

"Likiwa lake, hufungui mdomo. Ni lake au si lake? Umesema wewe, sijasema mimi."

Nevzat akafungua tai, akaikunja, akaiweka mfukoni. "Yule bibi nilimtukania kwao mpaka choo, akaniongezea ndimu. Hapo ndipo nilipojua unavyotafsiri. Halafu mimi nimejenga mabanda mangapi ya punda, Vehbi? Nisijue hori? Umenionea huruma. Tukiwa wakwe, kila sikukuu utakuwa unanikalia mezani na huruma yako. Binti sikupi."

Nikaona sasa imetosha. Mmoja amekataa ukweli kwa kiburi, mwingine ameuficha kwa adabu, na katikati wako watoto wawili wasio na hatia. Nikawaambia wote wawili ni wapumbavu. Kisha nikamweleza Nevzat kila neno, kwa sauti, na abiria wakageuka: Kiguru, punda, milango aliyoifunga Halim Bey, mwanamke na mtoto, blanketi.

"Blanketi?" akasema Nevzat.

"Lake la pekee. Akalala nje. Unadhani alikubusu mikono kwa sababu ya lipu?"

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akataka kujua kama bibi alitaja jina la babu yake au alisema mtunza punda tu, nikamwambia alilitaja, Salih. Akajitazama mikono. Hayri alikuwa ameshika kipande cha jibini na hakukila.

"Umenipa jumba la Halim Bey," akamwambia Vehbi, "ukaninyima blanketi la babu yangu."

"Sikutaka uaibike, Fundi."

"Niaibike kwa lipi?"

Tulikwenda hivyo mpaka meli ikakata kona kuelekea gatini kwetu na watu wakaanza kusimama kuchukua mizigo.

"Ahadi ni ahadi," akasema Nevzat, bila kumtazama Vehbi. "Mwambie Onur aje Alhamisi na mama yake. Wewe ubaki nyumbani."