Nilijifunza Vitenzi vya Kiingereza, Nikamsikia Mwanangu

Siku niliyoelewa Kiingereza kwa mara ya kwanza, bila kubakiza neno, ndiyo siku niliyotamani ningebaki mjinga.

Naitwa Parascovia. Nina miaka sitini na minane, naishi peke yangu kijijini karibu na Orhei, Moldova. Mume wangu yuko makaburini. Binti yangu Steluța yuko Ireland, kaolewa na mtu wa hukohuko, Fergal.

Fergal hajui lugha yetu. Mimi nilikuwa sijui yake. Miaka saba tukawa tunatazamana kwenye simu kama ng'ombe na treni.

Sikumpenda. Kwangu, yeye ndiye aliyeninyang'anya mtoto.

Kipupwe kilipoanza nikawa naenda kwa jirani yangu Evdochia, mwalimu mstaafu wa Kiingereza. Kimyakimya. Nilitaka Steluța na mumewe wakija kunitembelea niwashangaze.

Evdochia alikuwa mkali kwenye vitenzi.

"Usiniambie 'alitembea'. Alitembeaje? Alinyata? Alichechemea? Alijikongoja?"

"Mwalimu, kwani mwishowe wote si wamefika tu?"

"Wamefika, ila hujamwona hata mmoja."

Basi nikabeba vitenzi ishirini kila wiki. Nikavibandika juu ya jiko, mlangoni, hadi kwenye banda la kuku. Kunong'ona. Kuguna. Kung'ang'ania. Kulaghai.

Wakaja wiki moja baada ya Pasaka, siku tunayokula na wafu wetu. Tukatandika kitambaa juu ya kaburi la mume wangu, tukapanga mayai mekundu ya Pasaka, majani ya kabichi yaliyokunjiwa wali na nyama, na divai. Sentensi yangu ya kumkaribisha Fergal ilikuwa iko mdomoni kabisa.

Steluța akaniwahi. Alinitazama, akatabasamu, kisha akaongea na mumewe kwa Kiingereza.

"Kesho tunampeleka kwa wakili. Nitamwambia ni karatasi za gesi. Atasaini tu."

"Ni nyumba yake," Fergal akasema. "Mwambie ukweli."

"Nikimwambia ataing'ang'ania. Namjua. Tukishauza tutamtafutia nafasi kwenye nyumba ya wazee, kule mjini Chișinău."

"Huko ni kumlaghai mama yako."

"Si unaona anatabasamu? Haelewi kitu."

Kweli nilikuwa natabasamu. Uso ulisahau kubadilika.

Nikammiminia Steluța divai.

Kesho yake, ofisini kwa wakili, Steluța akanisogezea karatasi.

"Saini hapa, mama. Ni ya gesi."

Nikaweka kalamu chini. Nikamgeukia Fergal, nikamwambia kwa Kiingereza, taratibu, "Jana ulimkataza asinilaghai. Asante."

Fergal akawa mwekundu hadi masikioni. Wakili akajifanya anapanga mafaili.

Nilidhani Steluța atalia. Nilidhani ataona aibu.

"Tangu lini?" akaniuliza. "Umekuwa ukitusikiliza tangu lini?"

Kana kwamba mwizi ni mimi.

"Tangu jana," nikamjibu. "Kabla ya hapo nilikuwa najifunza ili nije niongee na watu wa nyumbani kwako."

Akachukua mkoba wake akatoka. Hakubamiza mlango. Aliufunga polepole, kama unavyofunga mlango wa mgonjwa, na hilo ndilo lililoniuma.

Fergal alibaki amesimama. "Pole, mama," akasema. Akamfuata mkewe.

Ni miezi minne sasa. Nyumba ninayo. Paa halivuji, mizabibu imebeba.

Anayenipigia simu Jumapili ni Fergal. Tunaongea sentensi nne tano, za mvua na bustani. Nikimuulizia mkewe, ananiambia yuko bafuni.

Kila Jumapili yuko bafuni.

Nyie mnaonisoma, msiwe wepesi kumchukia mkwe. Mimi miaka saba nilimnunia mtu pekee aliyekuja kunitetea.

Na lugha ya watoto wenu jifunzeni, sikatazi. Ila kuelewa wanachosema siyo kuwapata.