Funga Ambayo Bibi Hakuinuia

Huko Temeke anakoishi mjomba wangu, bibi yangu mzaa mama alisifika kwa funga zake. Ramadhani ilikwisha, Idi tukala, na bado majirani walinisimamisha njiani kunipa hongera kana kwamba ninayefunga ni mimi.

"Bibi yenu yule wa peponi," aliniambia muuza vitumbua. "Umri ule kamaliza mwezi, sasa yumo kwenye sita za Shawali. Nikimpelekea uji anakataa. Sie saa nne tu tunalia njaa!"

Kichwa kikanivimba. Nani asingevimba?

Mjomba naye alikuwa na sifa zake. Ni fundi seremala wa Keko, na alipomchukua mama yake alimchongea kitanda cha mninga chenye nakshi, akakitandikia godoro jipya nene. Kila mgeni alipitishwa chumbani akione. Godoro lilikuwa bado limo ndani ya nailoni yake, bibi akijigeuza linapiga kelele. Nikadhani ni ushamba tu wa kutunza kitu kipya.

Siku ninayoisema nilitoka kwangu Bunju asubuhi, nikafika adhuhuri imekaribia. Mke wa mjomba alikuwa uani anafua. Bibi alikuwa kitandani, midomo imempasuka, sauti haitoki vizuri.

"Mke mwenzangu umekuja," akasema. Ndivyo tulivyoitana siku zote, tukigombea mume mmoja, marehemu babu.

"Shikamoo mke mwenzangu. Na hizo funga zako, unataka ukamfaidi mzee peke yako huko aliko?"

Akatabasamu kidogo.

Adhana ikalia. Nikamketisha kwenye kigoda mlangoni, nikachukua kopo nimtawadhishe. Mikono tukaosha. Nikammiminia maji kiganjani asukutue. Hakutema. Nikasema labda amesahau, uzee huo. Nikammiminia tena, akameza tena, macho kayafumba, kisha akanyoosha kiganja apewe mengine.

"Bibi, unaharibu funga!"

"Funga gani?" Akanishangaa. "Mie sifungi. Daktari alinikataza tangu nianze vidonge vya presha. Mjomba wako ndiye kasema nisile wala nisinywe mpaka arudi kutoka kazini. Mchana hakuna wa kunipeleka choo, nitamharibia godoro. Akirudi ananipa chakula na maji, ananipeleka choo, nalala."

"Na vidonge vya asubuhi unavimezea nini?"

"Mate."

Nikammiminia mengine, kisha nikatoka uani kumuuliza mke wa mjomba. Mwanamke aliyewanyonyesha wanawe, akawafulia nepi, akawaamkia usiku walipoumwa, leo anameza vidonge kwa mate ili godoro lisilowe! Na huyu mwanawe jioni hukaa barazani akipokea sifa za funga ya mama yake, anaitikia "Alhamdulillahi", hamsahihishi mtu. Na mkewe yuko hapo uani, maji yamejaa ndoo nne, ananiambia yeye aliambiwa hivyo na mumewe, hataki ugomvi.

Nilimpigia mjomba simu, naye hakuja peke yake. Alikuja na mzee mmoja wa msikitini, mtu anayeheshimika mtaani kwa kusuluhisha. Tukaketi sebuleni. Bibi akawekwa kwenye kochi. Wageni tukaletewa jagi la maji na glasi.

"We mtoto," mjomba akaanza, "unakuja kunifundisha kumlea mama yangu? Nani kamchongea kitanda? Nani anampeleka choo kila jioni kwa mikono yake? Nyie wajukuu mnakujaga na machungwa mnaondoka!"

"Mjomba, maji si zawadi. Ni haki yake. Ukininyamazisha hapa nakwenda serikali ya mtaa, na kwa afisa ustawi wa jamii nafika."

Mzee akainua mkono. Akasema mambo ya ndani yamalizwe ndani, tusimwanike mtu aliyejitahidi. Amejitahidi! Nilitaka kusimama niwafukuze wote wawili, ila nyumba haikuwa yangu. Kisha mzee akasema mwamuzi ni mama mwenyewe. Kama ananyanyaswa aseme, aondoke na mjukuu wake. Kama hanyanyaswi, mimi niombe radhi na maneno yaishe.

Yote yakabaki mdomoni mwa bibi. Nikamwomba Mungu kimoyomoyo aseme. Akamtazama mwanawe.

"Mwanangu hana ubaya," akasema.

Mjomba akashusha pumzi. Mzee akanigeukia, anangoja niombe radhi. Sijawahi kuchukia jibu kama nilivyolichukia lile, na sikumchukia bibi, niliwachukia waliomfikisha mahali pa kulitoa.

Bibi alikuwa hajamaliza. Macho yake yalikuwa kwenye jagi.

"Ila naomba na mie," akamwambia mwanawe taratibu. "Kidogo tu, baba. Leo nitajibana."

Mjomba aliinamisha kichwa akaangalia mikono yake. Mzee wa msikitini ndiye aliyeinuka kummiminia, akamshikia glasi mpaka ikaisha, akammiminia nyingine. Mimi nilikuwa nimeshaingia chumbani kufungasha nguo zake.