Fundi Masweta na Mgeni Kutoka Makete

Fundi masweta wa jirani na duka langu hapa Makambako hamgusi mtoto bila kumwomba ruhusa. Hupiga magoti mpaka macho yao yalingane, akapasha viganja kwenye kikombe cha chai, maana asubuhi zetu ni za baridi, kisha huuliza kwa sauti ya chini, "Nikupime?" Mtoto akikataa, husubiri. Wazazi wenye haraka hununa, naye wala hajali.

Jumamosi mama yake fundi alifika kutoka Makete na mtoto wa kike wa miaka sita. Ni binti wa fundi mwenyewe. Alimwacha kwa bibi kabla hajaota meno, akaja huku kutafuta kazi. Mtoto alijificha nyuma ya kitenge cha bibi.

"Msalimie mama yako," bibi alimwambia, akimwonyesha fundi.

"Shikamoo, shangazi."

Fundi aliitikia marahaba bila kumsahihisha. Akapiga magoti, akapasha mikono muda mrefu kuliko kawaida. "Nikupime?"

"Hapana."

"Mshike tu, ni wako!" bibi alifoka.

"Asilazimishwe, mama." Akarudi kwenye mashine yake ya kufuma, na uzi ulimkatikia mara mbili.

Leo, wakati wa kupanda basi, mtoto alimgeukia. "Shangazi, utakuja kwetu?"

"Ukinikaribisha."

"Njoo Jumapili."

Basi lilipoondoka, fundi aliniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia ni Jumanne. Akahesabu kwa vidole mpaka Jumapili, kisha akahesabu tena.