Sairakan, bangili janja na farasi mwenye moyo mtulivu

Jua limegusa vilele vya milima tu. Huku chini kwenye malisho ya Ak-Tektir baridi bado inauma meno, na Sairakan Joldosheva, katika sweta la zambarau linalombana, ameshapiga goti moja kando ya farasi jike. Ndoo imekaa juu ya paja lake. Mkono mmoja ameuzungusha nyuma ya mguu wa farasi, kama anayemkumbatia bwana harusi asije akabadili mawazo.

Mumewe, mzee Tursunbai, anahangaika na mtoto wa farasi. Kinyama hicho kimeruhusiwa kunyonya kidogo tu, ili mama yake adanganyike na kuachia maziwa.

"Mvute, mzee! Mvute, atamaliza yote!"

"Namvuta, bibie. Naye ananivuta."

Maziwa yanachuruzika, kisha yanakatika. Sairakan anainuka haraka, anayumba, anashika manyoya ya shingo ya farasi na kusimama hapo kidogo.

"Nguo imenasa," anasema.

Hakuna nguo iliyonasa popote.

Kwenye mkono wake wa kushoto bangili nyeusi inatetemeka. Anaitupia jicho moja. "Inaniambia nipumzike," anasema. "Anza wewe," anaijibu bangili, na tayari yuko kwa farasi wa pili.

Mahojiano na mama huyu hufanyika kwa kumkimbilia. Sentensi anaianza kwenye kamba wanapofungwa watoto wa farasi mchana na kuimalizia nyuma ya hema, akiokota kuni. Ukimwomba akae, anakaa pembeni mwa kiti kama kuku anayetaka kuruka. Ana umri wa miaka sitini na saba, na tangu alipoletwa hapa akiwa bibi harusi hajakosa kupanda malishoni hata kiangazi kimoja.

Kazi yake ni kumisi, maziwa ya farasi yaliyochacha. Farasi hukamuliwa mara nyingi kwa siku, kidogo kidogo, kwa sababu farasi si ng'ombe na hajui kuweka akiba. Maziwa humiminwa kwenye kiriba cha ngozi kilichofukizwa moshi, kisha husukwasukwa kwa mti mrefu mpaka yachangamke. Anayeingia hemani hushika mti huo na kuupiga mara kadhaa, salamu zikiendelea. Hata mgeni wa gazeti haachwi.

Kumisi hiyo huuzwa chini barabarani, na ndiyo inayonunua unga na makaa ya mawe ya majira ya baridi.

Tatizo ni kwamba mkamuaji ni mmoja. Kwa desturi ya huku mwanamume hakamui farasi. Tursunbai alipoulizwa kama angeweza kujaribu, alitazama pande zote kuhakikisha majirani hawasikii.

"Farasi watanicheka," alisema. "Wakimaliza wao, wataanza watu."

Na farasi wenyewe hawamkubali kila mwanamke. Wanaijua harufu ya Sairakan. Akija mwingine, wanabana maziwa, na mwenye bahati mbaya anakula teke. Kwa hiyo Sairakan akishuka kijijini hakuna kumisi, na farasi itabidi wagawanywe kwa makundi ya watu wengine. Wakishagawanywa, anasema, huwezi kuwarudisha kama nguo ulizoazimisha.

Kiangazi kilichopita alianguka hapo hapo kwenye kamba. Aliamka akiwa amelala kwenye tope la maziwa, na Tursunbai amemwinamia akimwita jina ambalo hakuwa amemwita tangu ujana wao. Jina hilo wote wawili walikataa kulitaja gazetini.

Binti yao wa mwisho, Nurzada, anauza dawa mjini Naryn. Aliposikia, alitaka mama ashuke moja kwa moja. Waligombana majira yote ya baridi. Masika ilipofika, kampuni moja ya simu ikatangaza kwamba ina bangili mpya ya kupima mapigo ya moyo, hatua na usingizi, na inawatafuta watu wa kazi ngumu waivae bure kisha watoe maoni. Nurzada akaliandikisha jina la mama yake.

"Mama, nenda," alimwambia. "Lakini uivae. Ikionyesha rangi nyekundu siku tatu mfululizo, nakuja na gari, na hakuna mjadala."

"Na isipoonyesha?"

"Isipoonyesha, nitanyamaza."

"Wewe? Basi bangili hii ina miujiza kweli."

Bangili zilizofika Ak-Tektir zilikuwa mbili. Ya pili alipewa Asanaaly, mchungaji wa kondoo wa hema la ng'ambo ya kijito, ambaye maoni yake ni mazuri mno.

"Inanisifu kila jioni," alisema, akinyoosha mkono ili bangili ionekane. "Inasema nimetembea kama kijana. Mimi nimekaa juu ya farasi tangu asubuhi. Anatembea yeye, napongezwa mimi. Serikalini nilikosa kazi kama hii."

Bangili ya Sairakan haikuwa na adabu hiyo. Siku ya kwanza ilikuwa nyekundu. Ya pili ilikuwa nyekundu. Ilitetemeka akikamua, ilitetemeka akisukasuka kiriba, ilitetemeka hata alipokuwa amejilaza kwa sababu hakuwa amelala. Alikuwa akitazama tundu la moshi la duara juu ya hema na kuhesabu farasi atakaowapoteza.

Na kila jioni Tursunbai alipanda na simu kwenye kilima chenye mtandao, na habari zote zikaenda Naryn.

Asubuhi ya siku ya tatu, mama huyu alikaa akafikiri. Bangili ilitaka moyo mtulivu. Ni nani mwenye moyo mtulivu kuliko wote pale kambini? Alimwaza mumewe, akamkataa, maana anashtuka hata kwa mlio wa birika. Kisha akamtazama Boz.

Boz ni farasi jike mkongwe wa kijivu. Radi ikipiga, hufumba jicho moja. Ndiye wa kwanza kuja kukamuliwa, na hajawahi kumpiga mtu teke, hata wanaostahili.

"Mguuni pana nywele nyingi, isingesikia kitu," Sairakan anaeleza, bila haya yoyote. "Nikatafuta mahali pasipo na nywele. Farasi anapo mahali pamoja tu."

Akainua mkia, akaifunga bangili kwenye shina lake, upande wa kupimia ukigusa ngozi ya chini isiyo na nywele. Ilimkaa vizuri kama iliyoshonwa kwa ajili yake.

Wafugaji wote wa Ak-Tektir wanajua farasi mwenye afya anavyopumua, na anavyotoa jasho kabla ya kuugua. Lakini hakuna aliyewahi kumpima mapigo kwa saa, kwa hiyo Sairakan hakujua kwamba moyo wa farasi aliyepumzika hupiga polepole sana, karibu nusu ya wa binadamu. Wala hakukumbuka kwamba usiku watoto wa farasi hufunguliwa na kwenda kulisha na mama zao milimani.

Kwa hiyo Nurzada, kaunta ya dawa mbele yake, alifungua simu na kusoma kwamba mama yake, mwenye umri wa miaka sitini na saba, ametembea usiku kucha mlimani, amesimama wima mchana kutwa, na moyo wake unapiga kama mara thelathini na tano kwa dakika.

Alipiga simu. Kule chini ya kilima hakuna mtandao. Aliliacha duka mikononi mwa mwenzake na kukodi gari.

Alifika wakati wa kukamua, akateremka kabla gari halijasimama.

"Mama! Kaa chini! Nani amekuruhusu kusimama?"

"Mwanangu, vipi? Kuna msiba?"

"Bangili iko wapi?"

Macho ya Sairakan yakamsaliti: yalikwenda kwa Boz, yakarudi, yakaenda tena. Tursunbai aligundua ghafla kwamba kuna kamba ya kufunga mahali mbali kidogo.

Nurzada akamzunguka farasi, akainua mkia.

Asanaaly, aliyekuwa amekuja kuazima chumvi, aliyaona yote. "Nilitaka kucheka," alisema, "lakini nilimwona binti usoni nikameza."

Nurzada hakucheka. Alikaa kwenye nyasi zenye kinyesi, akalia kwa sauti.

"Njia nzima," alisema, "nilikuwa nawaza nani atakuja kukuosha. Nilishawachagua, Mama. Nilishachagua majina."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo, labda mwaka huo, Sairakan alitulia. Alikaa karibu na binti yake. Kisha akaifungua bangili, akaiosha kwenye ndoo, akaivaa mwenyewe. Haikuchukua muda ikawa nyekundu.

"Haya, iangalie," alimwambia. "Haidanganyi. Naanguka. Mwezi huu nimeanguka mara moja zaidi. Baba yako hajui."

"Najua," Tursunbai akasema kutoka kwenye kamba yake.

Usiku huo hakuna aliyepakia mizigo, na asubuhi hakuna aliyetaja gari. Nurzada aliomba ruhusa ya wiki moja kazini, akafunga nywele, akaenda kwa farasi na ndoo. Wa kwanza alimbania maziwa. Wa pili aliipiga ndoo teke. Alirudi amelowa, akisema farasi wa mama yake hawana malezi.

"Vaa kilemba changu," Sairakan akamwambia. "Na koti. Usiseme kitu. Sauti yako ya dukani inawaudhi."

Akiwa na kilemba na koti la mama yake, alipata nusu ndoo. Boz ndiye aliyempa zaidi. Wengine walimnusa, wakafikiri, wakampa kidogo kama wanaotoa sadaka kwa mtu wasiyemwamini. Mpaka mwisho wa wiki alikuwa anakamua farasi watatu. Mama yake alikaa kando ya kiriba akisukasuka maziwa, akiinuka kila baada ya muda mfupi kwenda kumkosoa na kurudishwa kwa ukali.

Kampuni ya simu ilipiga juzi kutaka maoni, Tursunbai akiwa kilimani. Alishuka mbio kumwita mkewe, nao wakapanda pamoja polepole. Kijana wa upande wa pili alimuuliza kama bangili imempendeza.

"Inaona vizuri," Sairakan akamjibu. "Ila ina neno moja tu, pumzika. Mwambie aliyeitengeneza aje akamue asubuhi moja, halafu aiongezee maneno."

Kijana akauliza kama kuna hitilafu yoyote, maana kumbukumbu zao zilikuwa na siku moja ya ajabu.

"Siku hiyo nilikuwa mtulivu sana," akasema mama, akamrudishia mumewe simu.

Jana ndiyo siku ambayo wiki ya Nurzada iliisha. Gari lilisubiri ng'ambo ya kijito, na mazungumzo yalikuwa ya kuzunguka zunguka, ya watu wasiotaka kufika kwenye jambo. Bangili ya Sairakan ilikuwa na rangi ya manjano, ambayo si nzuri wala si mbaya. Nurzada aliitazama mara nyingi kuliko alivyomtazama dereva.

Wamekubaliana hivi. Mama atakamua Boz na wengine wawili wapole hadi theluji ya kwanza. Waliobaki watanyonyesha watoto wao basi, na kumisi itakuwa haba. Kiangazi kijacho Nurzada ataomba likizo yake yote wakati wa maziwa mengi. Mwenye duka bado hajakubali. Daktari wa Naryn atamwona Sairakan mwezi ujao, naye bado hajasema kitu. Hakuna jambo lililokwisha kuwa la uhakika.

"Baada ya mwaka mzima watakuwa wamenisahau," Nurzada alisema, akiwaangalia farasi. "Nitaanza tena na mateke."

Sairakan alimtazama binti yake juu hadi chini.

"Vua hilo sweta."

"Mama, kuna baridi."

"Garini kuna joto. Vua. Umefanya kazi nalo na kulala nalo wiki nzima, linanuka wewe tu."

Nurzada akalivua. Ni sweta la zambarau, la mtu mwembamba, lenye ua la shanga kifuani. Mama akalivaa juu ya gauni lake kwa shida, mkono mmoja ukakwama na Tursunbai akauvuta. Likambana kama ngozi ya soseji. Alisema atalivaa kila akikamua, na halitafuliwa.

"Nataka wamzoee," alisema, akiwa ameshageuka kuelekea kwenye kamba, "kabla moyo wangu haujaamua mambo yake."

Gari likaondoka. Boz alinyoosha shingo, akalinusa sweta begani, kwenye kikwapa, kwenye ua la shanga. Sairakan akapiga goti, akasubiri, ndoo juu ya paja, mpaka maziwa yakaanza kushuka.