Rangi ya Mama Yetu, Ukurasa wa Kumi na Saba

Dada yangu Vernell, Nell wetu, alipaka rangi vitabu vya katuni vya mashujaa kwa miaka kumi na moja, na jina lake halikuchapishwa hata mara moja. Nasema kwa hasira, na sitaki kutulizwa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Mchoraji analeta kurasa za wino mtupu, Nell anapaka nakala kwa rangi za maji, kisha kwenye kila sehemu anaandika namba, ili kiwanda cha uchapaji kijue kichanganye nini. Wazungu walikuwa na namba tele: aliyeungua jua, aliyeona haya, mgonjwa, hata maiti. Sisi weusi namba moja tu. Moja! Ilibandikwa ukutani pale ofisini Manhattan, na ikichapishwa inatoka kama maji ya kudekia.

Mwaka 1977 wakamleta Ngome, shujaa mweusi wa Brooklyn, kifua wazi hata theluji ikianguka. Aliyemchora hajawahi kukanyaga mtaani kwetu. Katika toleo la sita Ngome anaingia kanisani, na waumini arobaini mle ndani wana uso mmoja. Pua ile ile, mdomo ule ule. Hata kofia za kina mama ni za aina moja, utadhani Jumapili tunavaa sare!

Nell akauleta ukurasa huo nyumbani. Mama alikuwa na miezi mitatu tangu atutoke, na picha zake zote zilikuwa za zamani, zisizo na rangi.

"Earline, rangi ya Mama ilikuwaje? Usiniambie kahawia."

"Maji ya kunde. Na wekundu kidogo mashavuni, akikasirika."

"Basi alikuwa mwekundu kila siku, maana wewe ulikuwa humu humu ndani!"

Alikaa siku tatu kwenye meza ya jikoni. Sura hakuwa na ruhusa ya kuzigusa, kwa hiyo rangi ndiyo iliyobaki. Kila muumini akampa namba yake, aliyoichanganya mwenyewe: huyu mweusi tii, yule mwekundu, yule wa katikati. Mama akamweka benchi la tatu, kofia ya zambarau.

"Picha ya rangi hatukuwahi kumpiga," akaniambia. "Sasa watamwona nchi nzima."

Mhariri, Bwana Lindqvist, akautazama ukurasa, akaguna.

"Vernell, kipenzi, hawa ni watu wa nyuma tu. Wapake wote rangi moja."

"Mwezi uliopita nilipaka ukurasa wa uwanja wa mpira, Wazungu mia, kila mtu na rangi yake ya tai. Hukusema neno."

"Ule ulikuwa uwanja."

"Na hili ni kanisa."

"Msomaji anamtazama Ngome, bwana."

"Na mimi je? Mimi sisomi?"

Akacheka, mpumbavu yule. Akamwambia aende nyumbani akatulie. Nell akauacha ukurasa mezani kwake kama ulivyo, hakubadilisha hata namba moja.

Wakabadilisha wao.

Toleo lilipotoka nikalinunua kwenye kibanda cha Mtaa wa Nostrand, nikalipeleka kanisani bila kulifungua, maana Nell alitaka tulifungue pamoja. Baada ya ibada watu wakatuzunguka. Dikoni Ruffin, aliyembatiza Mama, akavaa miwani.

"Haya binti, tuonyeshe mama yenu."

Nell akafungua ukurasa wa kumi na saba. Kanisa zima lilikuwa doa moja la kahawia: nyuso, kofia, mikono, mabenchi. Rangi ilikuwa nzito mno hata mistari ya wino ilizama. Mbele amesimama Ngome peke yake, anang'aa.

"Wanaharamu!" nikasema, mle mle kanisani, na hakuna aliyenikemea.

Nell akaweka kidole kwenye doa. Akakisogeza kushoto. Akakisogeza tena.

"Nilimpaka kwa mkono wangu," akasema. "Dikoni, sioni Mama ni yupi."