Kitenge cha Mama Furaha

Nawasimulia mwenyewe, maana mtaa mzima wa Gungu umeshacheka na sitaki msimuliwe nusu nusu.

Miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kwa wingi, Mama Furaha, mjane kutoka Kongo aliyekuwa akiuza vitenge, alinikopesha kimoja. Nikaahidi kulipa baada ya wiki mbili. Ikapita miezi minne. Kila akija kudai, najificha chumbani, wifi yangu anamwambia nimesafiri, niko Kidahwe namuuguza shangazi.

Siku moja nikasikia kuna mwalimu anashauri wenye madeni, bure kabisa, kwenye ukumbi wa kanisa Katubuka. Nikaenda. Na mimi siendi mbele za watu kama niliyetoka kuanika dagaa, kwa hiyo nilivaa nguo yangu ya maana kuliko zote. Ndiyo, hiyo hiyo. Nikakaa mstari wa mbele.

Mwalimu akasema jambo la kwanza ni kuacha kumkimbia anayekudai. Mfuate, ongea naye. Nikasimama bila kuitwa.

"Mwalimu, mimi hilo nilishalifanya! Tumekaa, tumeelewana, namlipa kidogo kidogo."

Ukumbi mzima ukanipigia makofi. Nikageuka kuyapokea, mikono kiunoni, kitenge kionekane vizuri.

Mstari wa nyuma kulikuwa na mkono umenyooshwa. Mama Furaha. Sisi tusiomlipa tulikuwa tumemwingiza na yeye kwenye madeni.

"Mwalimu, niko na swali," akasema taratibu. "Huyu dada nimufuate kule Kidahwe, ao nimudai hapa hapa?"