Niliovateki kwa macho ya mama barabara ya Sengerema–Geita, mpaka basi liliponitokea usoni

Wakuu, heshima kwenu. Mlionizidi umri, shikamooni.

Haya yamenikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Mama ameniruhusu niyasimulie, kwa sharti moja tu kwamba nisimtaje jina.

Mimi ni mtu wa Mwanza, nimekulia Pasiansi. Kazi yangu ipo Kigali, nasimamia ghala la vifaa vya ujenzi. Nimeoa hukohuko, na majuzi tumepata mtoto wetu wa kwanza.

Sasa maisha ya nchi mbili yana mambo yake.

Rwanda wanaendesha upande wa kulia, usukani uko kushoto. Sisi ni kinyume chake. Gari yangu nilinunua kule. Kwa hiyo nikivuka mpaka wa Rusumo kuja nyumbani nahamia upande mwingine wa barabara, ila usukani unabaki palepale.

Kwa ambaye hajawahi, ngoja nieleze. Ukiwa nyuma ya lori huku kwetu na usukani wa kushoto, huoni kitu. Umekaa upande wa majani. Ili uone kinachokuja mbele inabidi utoe zaidi ya nusu ya gari, na kama kuna basi linakuja, basi umeshachelewa.

Lazima aliyekaa kiti cha kulia akuangalizie.

Siku zote huyo ni mke wangu, Claudine. Akisema pita, unapita huku unapiga mluzi.

Safari hii Claudine alibaki na mtoto. Nilikuja peke yangu kumchukua mama akamwone mjukuu. Njia nzima ya kuja nilitambaa nyuma ya malori, nikafika mgongo umekufa ganzi. Nikajifariji kwamba kurudi nitakuwa na mama.

Tuliondoka Pasiansi asubuhi. Mama kavaa kitenge kipya, kapakata mfuko wa michembe, vile viazi vya kukausha, maana anaamini Kigali hakuna chakula cha maana.

Nikamfundisha kazi. Akiona mbele peupe aseme nenda, akiona gari aseme bado. Akanijibu kwamba kazi yenyewe nyepesi. Akaomba kioo cha upande wake kibaki chini, eti ile hewa ya baridi ya gari inamuumiza kichwa.

Kigongo tukapita darajani. Waliowahi kusota pale enzi za kivuko wananielewa, nilikuwa natabasamu mwenyewe. Mama akageukia ziwani akasema leo ziwa limetulia. Mimi nikiangalia naona mawimbi meupe yanapigana. Nikajua ananitania.

Baada ya Busisi kazi ikaanza. Mama anasema bado, nasubiri. Anasema nenda, naenda. Tulipita lori la mkaa, tukapita trekta, tukapita fuso mbili zilizofuatana. Kila mara sawasawa. Nikamsifia kwamba anamshinda mkwewe, akacheka sana.

Tulipoiacha Sengerema nyuma tukalikuta lori la mahindi. Limejaa, linapanda kilima kwa kunguruma, moshi mtupu.

Mama akasogea dirishani.

"Nenda, baba."

Nikatoka. Nilipofika ubavuni mwa lori ndipo nikaona mbele. Basi lilikuwa limeshatokeza juu ya kilima, linashuka kwetu, taa zote zinawaka.

Wakuu, kurudi nyuma haiwezekani, kuna gari imeshaziba nafasi yangu. Kulia ni korongo. Nilikanyaga mafuta mpaka mwisho na gari haikuwa na haraka kabisa.

Kilichotuokoa ni dereva wa lori. Alifunga breki na mzigo wake wote, akaegemea majani, akaniachia nafasi. Nikachomeka mbele yake. Basi likapita, upepo wake ukaitikisa gari yetu, honi inalia.

Nikasogea mbele kidogo nikaegesha. Lori nalo likaja likasimama nyuma yetu.

Dereva alikuwa mzee wa makamo, mnene, kavaa kandambili. Nilitegemea matusi, na nilistahili. Nikamwamkia, akaitikia. Akainama dirishani, akamwamkia mama kwa adabu, kisha akamtazama muda kidogo. Akapitisha mkono taratibu mbele ya uso wa mama.

"Kijana," akaniambia, "huyu mama haoni."

Nilitaka kubisha. Mama akaanza kulia.

Akasema mbali haoni kitu, miaka sasa. Karibu anaona ukungu tu. Alikuwa anasikiliza. Ndiyo maana alitaka kioo kiwe chini. Barabara ikinyamaza anasema nenda, akisikia muungurumo anasema bado. Lile lori la mahindi lilikuwa na kelele kiasi kwamba basi hakulisikia.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

"Ungeniacha," akasema. "Nilitaka nimfikie mtoto kabla giza halijafunga kabisa."

Mzee wa lori akageuka akaangalia barabarani.

Kabla hajaondoka alinielekeza jambo ambalo madereva wazoefu mnalijua. Kaa mbali nyuma ya lori, usiligande. Dereva wake akikuona atakusemesha. Akiwasha indiketa ya kulia, tulia, kuna kitu kinakuja. Akiwasha ya kushoto, njia ipo. Na hata hapo uhakikishe mwenyewe, maana anaweza kuwa anakata kona tu. Nilimshukuru, akasema nimshukuru Mungu, kisha akapanda akaenda zake.

Nikampigia Claudine nikamweleza yote. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake akasema nimrudishe mama Mwanza akatibiwe, mtoto hahami.

Tukageuza. Sikuovateki hata baiskeli.

Hospitali wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Jicho la kushoto lilikuwa limebaki kuona mwanga tu. Nikauliza kama tumechelewa. Daktari akasema hapana, kwa ugonjwa huu bado tumewahi. Wakuu, nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi nikavuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini.

Nikaomba ruhusa kazini, bosi akaelewa. Nikaenda pia kuongeza muda wa kibali cha gari. Wenye gari za namba za nje msisubiri kiishe, mimi niliwahi na wakanihudumia vizuri tu.

Upasuaji walianza na jicho la kushoto. Kesho yake muuguzi akafungua bandeji. Mama akapepesa, akaangalia dirisha, akaangalia viganja vyake, akavigeuza. Halafu akaniangalia mimi, muda mrefu.

"Mvi hizi umeota lini?"

Nilicheka huku machozi yananitoka. Na muuguzi naye akacheka.

Daktari alipotupa ruhusa tukasafiri. Mama alitaka arudishiwe kazi yake ya kuangalia mbele. Nikamweka kiti cha nyuma na miwani yake myeusi, nikatambaa na malori mpaka mpakani. Alinung'unika njia nzima kwamba namdharau.

Kigali tumefika salama. Sasa hivi naandika hapa sebuleni, yeye kamlaza mjukuu mapajani, anamkagua kidole kimoja kimoja. Ameniambia mtoto ana masikio ya marehemu baba. Mimi nilikuwa sijaona. Nimeangalia, ni kweli.

Jicho la pili litafanyiwa akirudi Mwanza.

Nilichojifunza ni hiki. Mzazi akianza kukuomba umsomee ujumbe wa simu, au chai ikawa inamwagika nje ya kikombe, usichukulie ni uzee tu. Mpeleke akapimwe macho. Wazee wetu wanaficha wasije wakawa mzigo, na wanaficha kwa ustadi wa ajabu.

Na wewe unayeendesha usukani wa kushoto huku kwetu, kama huna macho ya uhakika pembeni, kaa nyuma ya lori. Utachelewa, ila utafika.

Wenzangu wa Kigali, Bujumbura na kwingineko, nyie malori mnayapitaje? Na kama kuna aliyemfanyia mzazi macho yote mawili, jicho la pili mlisubiri muda gani? Mama anauliza, na yupo hapa pembeni anasubiri kusoma majibu mwenyewe.